Je, wajua kwa nini oili huiua geji ya saa?

Geji ya saa ni kile kifaa cha duara chenye mshale ambacho mkereza hukisimamisha kando ya kazi iliyofungwa kwenye mashine, ajue kama inazunguka sawasawa au inayumba. Nyingi za zamani bado zimo kwenye masanduku ya vifaa vya urithi, na ugonjwa wao ni mmoja: kijiti chake kinachogusa kazi ukikisukuma kinaingia, ukikiachia kinarudi kwa kusitasita au kinagoma kabisa. Mtu hukimbilia kopo la oili. Hapo ndipo anapoimaliza.

Kijiti kina meno ubavuni. Meno hayo huzungusha gia ndogo, nayo huzungusha nyingine, hadi ile yenye mshale. Kwenye geji ya kawaida ya milimita, kijiti kikisogea milimita 1 mshale humaliza duara zima, na kila mstari ni milimita 0.01. Mwendo ukikuzwa hivyo, ukinzani nao hukua: uzito kidogo kwenye ekseli ya mshale hufika kwenye kijiti ukiwa mzigo. Springi ya kukirudisha kijiti imefanywa nyepesi kwa makusudi, isikisukume kinachopimwa. Oili hunasa vumbi la chuma, na miaka ikipita huwa gundi, wala springi hiyo haina nguvu za kushindana na gundi. Kijiti hutakiwa kiteleze kikavu.

Ndani kuna springi ya pili, nyembamba kama unywele, iliyojiviringisha kama ya saa ya mkononi. Hiyo ndiyo ninayoistaajabia zaidi. Kazi yake ni kuyakandamiza meno ya gia upande mmoja daima, ili ule mwanya baina ya meno usiingie kwenye kipimo. Ikilowa oili, mizunguko yake hushikana na geji huanza kudanganya: namba hii ukienda, namba nyingine ukirudi. Kufanana na saa kuna historia: mwaka 1883 John Logan wa Waltham, Massachusetts, mji uliojulikana kwa kutengeneza saa, aliomba hataza ya geji ya namna hii.

Kabla ya kufungua, itambue. Jina usoni husaidia (Starrett ni ya Athol, Federal na Brown & Sharpe zilikuwa za Providence, yote miji ya Marekani), ila uso huweza kubadilishwa, basi pima na shingo, lile bomba kijiti kinamopita: za Kimarekani kwa kawaida ni inchi 3/8, za milimita ni 8. Ncha zake nazo hutofautiana, skrubu ya saizi iitwayo 4-48 kwa za Kimarekani na M2.5 kwa nyingine. Ya kwanza ni nene kidogo. Ukiilazimisha kwenye tundu la pili unaharibu nyuzi, na kuzirudisha ni kazi ngumu.

Sasa fungua mfuniko wa nyuma. Futa kijiti na tundu lake kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, ukikisogeza mpaka kianguke bila kusita. Spiriti isiguse uso, maana huweza kuondoa maandishi. Kwenye ncha za ekseli za gia, oili ya saa kiasi cha kunata kwenye ncha ya sindano inatosha. Kioo cha seluloidi kilichogeuka manjano kibadilishe: kikioza hutoa mvuke wenye asidi unaotia mshale kutu, na hushika moto upesi, kiweke mbali na kiberiti.

Mwisho, inua kijiti na kukishusha mara kumi juu ya chuma bapa. Mshale urudi kwenye mstari uleule. Kisha pitisha vipande vya kupimia vya urefu tofauti, ukipanda na ukishuka. Ikirudi vizuri pale pale lakini ikakosea sehemu moja tu ya safari, kuna jino lililolika, na hapo usafi hautasaidia; itafutie geji hiyo gia nyingine.