Alama 50 si kufeli: namna skauti wa besiboli anavyomsoma mchezaji

Ukipewa ripoti ya skauti wa besiboli, yule anayetafutia klabu vipaji, kwa mara ya kwanza, utadhani kijana wa watu amefeli. Kupiga 40, nguvu 45, mbio 55, mkono 60. Kwa shule tulizosoma wengi wetu, hapo mzazi angeitwa.

Kipimo chenyewe hakianzii sifuri wala hakifiki mia. Kinaanzia 20 na kuishia 80, na 50 maana yake ni mchezaji wa kawaida wa MLB, ligi kuu ya Marekani. Si wa kawaida mtaani kwao, wa kawaida miongoni mwa walio bora duniani. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 akiandikiwa 30 hajatukanwa. Ameambiwa tu kwamba akisimamishwa leo na gongo mbele ya warushaji wa MLB, wale wanaomrushia mpigaji mpira, atapata tabu. Idadi ya wachezaji hupungua haraka kadiri unavyotoka katikati: wengi wamo kati ya 40 na 60, wenye 70 ni wachache, na 80 skauti anaweza kukaa misimu kadhaa bila kuiandika.

Mchezaji asiye mrushaji hupimwa vitu vitano: kuupata mpira kwa gongo, kuupiga kwa nguvu, mbio, udakaji, na mkono wa kurushia. Mrushaji ana vyake: kasi, mipira yake ya kupinda na ya kuhadaa, na uwezo wa kuuweka mpira pale anapotaka. Kasi husomwa kwa rada ya mkononi, ndugu wa ile tochi ya trafiki barabarani.

Mbio ndiyo kazi rahisi. Skauti anakaa nyuma ya mpigaji na saa mkononi. Gongo likigusa mpira, anabonyeza. Mguu ukikanyaga besi ya kwanza, kituo ambacho mpigaji hukikimbilia, mita 27 na ushee mbele, anabonyeza tena. Mpigaji wa mkono wa kulia akitumia sekunde 4.3 hivi, hiyo ni 50. Akitumia 4.0, yuko kwenye 80. Wa mkono wa kushoto anatakiwa awe na haraka zaidi kidogo, kwa sababu husimama upande ulio karibu na besi hiyo. Yaani umbali wote kati ya mtu wa kawaida na mtu wa ajabu ni sehemu tatu za kumi za sekunde, na kidole cha skauti kikichelewa kidogo tu, kijana wa watu anapotezewa alama.

Kupiga ndiko kunakowatoa watu jasho. Kwenye soka ukimwona mshambuliaji amefunga matatu, angalau una cha kusimulia. Kwenye besiboli nyota mkubwa hufanikiwa mara 3 katika 10, kwa hiyo siku moja uwanjani inaweza kukudanganya kabisa: bora amekosa zote nne, dhaifu amebahatisha mbili. Ndiyo maana skauti mzuri haangalii sana mpira umeangukia wapi. Anaangalia mikono inaanza lini, kichwa kinatulia au kinayumba, na je, kijana anauacha mpira mbaya, uliorushwa nje ya eneo la kupigika, upite au anaufuata kama kuku afuataye punje? Mpira wa kasi hufika kwa mpigaji kwa takriban sekunde 0.4. Uamuzi wote umo humo.

Halafu linakuja jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo moyo wa ripoti: kila kipaji huandikiwa alama mbili, ya leo na ya akikomaa. Leo 30, baadaye 50. Hiyo namba ya pili ndiyo klabu inayoilipia, na ndiyo ya kubashiri.

Chukua mfano wa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008 akiwa kijana. Alikuwa shotistopu, yule anayelinda kati ya besi ya pili na ya tatu, na kwenye kudaka hakuna aliyemtilia shaka. Shaka ilikuwa kwenye gongo. Alipitia ligi za chini mwaka baada ya mwaka, mpaka Aprili 2017 alipoingia MLB, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko. Mara yake ya kwanza kupiga alifanikiwa, tena mbele ya Jon Lester, mrushaji mwenye jina. Lakini msimu ule aliishia kupata wastani wa .222, yaani mafanikio kama 2 katika kila mara 10 za kupiga, katika michezo 28, na hakudumu ligi kuu. Ukiitazama kazi yake yote, waliosema glavu, yaani udakaji, ni ya MLB na gongo ni la mashaka walimsoma sawasawa. Na bado waliomsajili hawakukosea.

Wapo waliosomwa vibaya. Mwaka 1999, klabu zilipochagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, Albert Pujols alisubiri mpaka raundi ya 13, majina 401 yakiwa yameshaitwa. Maskauti walimwona, si kwamba alijificha. Walikuwa na wasiwasi na mwili wake, na hawakujua angecheza nafasi gani. St. Louis Cardinals ndio waliomchukua, na wao pia waliacha raundi 12 zipite kabla ya kumtaja. Mwaka 2001, msimu wake wa kwanza MLB, alipiga mipira 37 ikavuka uzio. Alipoacha kucheza mwaka 2022, ilikuwa imefika 703.