Nyoka wako amebadilika ghafla: maswali na majibu kabla hujafika kwa daktari

Nitajuaje kama hii ni dharura au ni tabia zake tu?

Nyoka halii, na hana mguu wa kuchechemea, kwa hiyo mwenyewe ndiye unayepaswa kusoma dalili. Anza kwa kuondoa yasiyotisha. Kugoma kula wiki kadhaa si dharura kwa nyoka mzima mwenye mwili. Chatu huweza kugoma hata miezi. Macho kuwa na ukungu wa samawati na kujificha siku nzima ni maandalizi ya kujivua gamba. Mwache.

Cha kukufanya utafute daktari leo hii ni kupumua mdomo ukiwa wazi au kutoa mapovu, kupindua kichwa nyuma kama anayetazama dari, kutetemeka mwili mzima, damu, nyama kutokeza kwenye tundu la haja, au sehemu ya mwili kushindwa kusogea. Ukiwa na shaka, mlaze chali taratibu. Mwenye afya hujigeuza papo hapo. Akibaki tumbo juu, usisubiri kesho.

Dakika za mwanzo nifanye nini?

Soma kipimajoto. Wengi hukimbilia kabati la dawa, nami nasema kipimajoto kwanza, kwa sababu mwili wa nyoka huazima joto kutoka nje. Kinga yake, usagaji wa chakula, hata kazi ya dawa atakayopewa, vyote vinafuata joto la mahali alipo. Chatu yule mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira, kwa mfano, huhitaji upande wenye joto wa nyuzi 31 hadi 33 na upande wa baridi wa nyuzi 24 hadi 27. Ukikuta 20, au 42, huenda umeshaliona tatizo.

Kisha mhamishie kwenye boksi la plastiki lenye matundu ya hewa, chini utandike karatasi nyeupe. Nyeupe kwa sababu damu, kinyesi na utitiri huonekana mara moja. Punguza mwanga na kelele. Mrekodi video ya nusu dakika akipumua: mbele ya daktari wengine hujitia wazima. Usimpe dawa yoyote ya binadamu, wala usimlishe.

Taa ya joto ilishinda imewaka na nimemkuta amelegea.

Mtoe hapo na umpeleke chumba chenye ubaridi wa kawaida. Mlaze kwenye maji ya kina kifupi yaliyo vuguvugu kidogo tu, huku umeshika kichwa chake juu ya maji muda wote. Aliyelegea huzama hata kwenye beseni. Barafu hapana, friji hapana. Akizinduka bado mpeleke, maana madhara ya joto kwenye ubongo huweza kujitokeza baadaye.

Kama ameungua, na nyoka huungua sana kwa kuwa hulalia jiwe la umeme la kupashia joto bila kusogea hata ngozi ikiiva, mwagie maji ya baridi ya kiasi kwa dakika kumi hivi, ufunike kwa shashi safi yenye unyevu. Dawa ya meno, siagi na mafuta visiguse kidonda. Usidanganyike na udogo wake siku ya kwanza: magamba yaliyobadilika rangi kidogo leo huweza kuwa malengelenge baada ya siku chache.

Na umeme ukikatika akapoa kabisa?

Mpashe joto polepole kwa saa kadhaa. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, ikiwa nje ya boksi lake, inatosha. Mashine ya kukaushia nywele itamuunguza ngozi huku ndani bado ni baridi.

Kuna nyama nyekundu imetoka kwenye tundu la haja.

Kama ni dume, huenda ni viungo vyake vya uzazi vimechungulia wakati wa kujisaidia, navyo hurudi vyenyewe muda mfupi. Kisiporudi, au kikivimba, saa zinahesabika, kwa sababu nyama ile ikikauka hufa. Isafishe kwa maji safi. Chukua sukari nyeupe ya kawaida, nyunyiza nyingi juu yake, funika kwa shashi yenye maji. Sukari hufyonza maji kutoka kwenye uvimbe, na wakati mwingine utauona unasinyaa mbele ya macho yako. Usiisukume ndani kwa kidole. Iwe imerudi au haijarudi, daktari lazima atafute sababu: yai lililokwama, minyoo, choo kigumu.

Panya niliyempa amemng'ata yeye.

Hili linaudhi kwa sababu linaepukika. Nyoka asiye na njaa humwacha panya hai, na panya mwenye njaa humtafuna nyoka hadi mfupa. Mpe windo lililokwisha kufa. Kwa sasa osha jeraha kwa maji ya chumvi ya dukani, yale ya kuoshea vidonda, kisha iodini ya povidoni iliyozimuliwa hadi rangi ya chai hafifu. Jeraha la jichoni, au linaloonyesha msuli, ni la daktari siku hiyohiyo.

Amenasa kwenye selotepu.

Usivute! Paka mafuta ya kupikia kwa pamba kwenye ukingo wa selotepu, subiri dakika chache, bandua upana wa ukucha, paka tena. Elekea mkiani, usielekee kichwani, kwa sababu magamba yamelala kuelekea mkia na ukienda kinyume utayang'oa. Nimewahi kutumia saa nzima kwa kipande kisichozidi kidole, na saa ile haikupotea. Ikiwa imeshika mdomo au jicho, iache ilivyo umpeleke. Halafu toa selotepu zote kizimbani.

Amecheua panya mzima.

Ondoa, acha maji, usimshike, na usimlishe kwa siku 10 hadi 14. Tumbo linahitaji kupona. Mara nyingi sababu ni ubaridi, windo kubwa, au kushikwashikwa baada ya kula. Akirudia, peleka kinyesi na picha.

Nilipuliza dawa ya kuua utitiri, sasa anapindapinda shingo.

Mpeleke kwenye hewa safi, msuuze kwa maji ya uvuguvugu bila kumwingizia mdomoni, nenda na kopo la dawa. Kama hukupuliza kitu na yeye ni chatu au boa, mtenge na wenzake: kuna ugonjwa wa virusi unaoleta dalili hiyohiyo.

Nitamsafirishaje?

Foronya safi, ifungwe fundo, ndani ya boksi lenye matundu. Mwenye maumivu hung'ata hata mtu aliyemzoea, kwa hiyo mbebe kwa kumkinga mwili wote. Akiwa wa sumu, usimguse. Funga chumba, mwite mwenye mafunzo. Baada ya hapo nawa mikono kwa sabuni, usisuuze vyombo vyake kwenye sinki la jikoni: hata nyoka mwenye afya kabisa hubeba bakteria wa Salmonella, na watoto chini ya miaka 5 ndio huugua vibaya.

Hatikisiki hata kidogo. Nimzike?

Bado. Mgeuze uangalie tumbo, karibu robo hadi theluthi ya urefu wake kutoka kichwani. Moyo upo hapo, na kwa wengi utaona magamba yakiinuka kidogo sana unapodunda. Aliyepoa, moyo wake huenda polepole mno, kwa hiyo kodolea macho dakika mbili tatu. Usipoona kitu, mweke kwenye joto lake la kawaida umpeleke hivyohivyo. Daktari ana kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu, nacho husikia pale jicho linaposhindwa kuona.