Herufi Isiyoonekana Inayoharibu Data Zikihama Kutoka Windows Kwenda Linux

Nakala ya hifadhidata ikikataa kupakiwa kwenye seva mpya, msimamizi hujua kuna kasoro na huitafuta. Ya kuogopwa zaidi ni ile inayopakiwa bila ujumbe wowote wa kosa, kumbe data zake zimeshabadilika. Alama za mwisho wa mstari ni chanzo kimojawapo cha balaa hilo, na ofisi yenye kompyuta za Windows mezani na seva ya Linux iko njiani kukutana nacho.

Kila mstari wa faili la maandishi hufungwa kwa alama ambayo jicho haliioni. Linux na macOS ya leo hutumia moja, LF (line feed), yenye namba 10 katika ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake. Windows hutumia mbili zikifuatana: CR (carriage return), namba 13, kisha LF. Ni urithi wa teleprinta, mashine ya zamani ya kuchapa ujumbe, ambako CR ilirudisha kichwa cha chapa mwanzo wa mstari na LF ikasogeza karatasi.

Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye orodha ya wanachama katika faili la CSV (maandishi ya jedwali yanayotenganishwa kwa koma) lililotoka Windows, na kolamu ya mwisho ni namba ya simu. Ukilipakia kwenye MySQL, programu ya hifadhidata, kwa amri yake ya LOAD DATA bila kutaja alama ya mwisho wa mstari, MySQL huchukulia kuwa ni LF peke yake. CR inabaki imeng'ang'ania mkiani mwa namba ya simu, na tarakimu 10 zinakuwa herufi 11. Kama kolamu ina nafasi ya kutosha, hakuna atakayejua. Kwenye skrini namba ni ileile, lakini ukimtafuta mwanachama kwa namba hiyo hapatikani. Ukiunganisha jedwali lake na la marejesho ya mikopo, jina lake halitoki. Akisajiliwa upya, hata sharti la UNIQUE, linalokataza thamani kujirudia, halimzuii, kwa sababu mashine inaona namba mbili tofauti. Hapo mtu anaweza kuandikwa mdaiwa sugu ilhali amelipa, na hii ndiyo sababu nasema jambo hili si la mafundi peke yao.

Kukagua ni rahisi: andika SELECT HEX(simu), ambapo simu ni jina la kolamu, na jibu likiishia na 0D, yaani 13 kwa hesabu ya heksadesimali, CR ipo. TRIM ya kawaida, amri ya kupunguza ncha za maandishi, haiiondoi, maana katika MySQL hufuta nafasi tupu tu. Tumia TRIM(TRAILING '\r' FROM simu); \r ni CR na \n ni LF. Kinga ni kuandika LINES TERMINATED BY '\r\n' tangu mwanzo. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ina ukali unaosaidia: COPY, amri yake ya kupakia faili, ikikuta alama zimechanganyika ndani ya faili moja, hulalamika na kusimama.

Wengi hukimbilia dos2unix, programu inayogeuza CR na LF kuwa LF katika faili zima kwa mkupuo. Nashauri tahadhari. Maandishi marefu yanayojazwa kwenye fomu za wavuti hutumwa na kivinjari yakiwa na CR na LF, hivyo CR nyingine ni data halali. Nakala ya pg_dump, programu ya PostgreSQL ya kutoa nakala, iliyotolewa kwa --inserts huyabeba maandishi hayo yalivyo. Ukiyageuza, umebadilisha alichoandika mteja. Programu za wavuti zilizoandikwa kwa lugha ya PHP zinazohifadhi maandishi pamoja na idadi ya baiti zake zitashindwa kuyasoma, kwa kuwa hesabu haitalingana tena.

Njia salama ni kuzuia faili lisiguswe kabisa. Kwenye Windows, usielekeze matokeo ya mysqldump, programu ya MySQL ya kutoa nakala, kwa alama ya > ndani ya PowerShell, dirisha la kuandikia amri: toleo linalokuja na Windows huandika faili kwa UTF-16, mfumo mwingine wa kuhifadhi herufi, ambalo MySQL haitalipakia sawasawa. Tumia --result-file, ambayo pia huzuia LF isigeuzwe kuwa CR na LF. Kwa PostgreSQL, chagua pg_dump -Fc, inayotoa nakala isiyo faili la maandishi, kisha urejeshe kwa pg_restore.

Kabla ya kutuma, chukua alama ya SHA-256, mfano wa alama ya kidole ya faili, kwa certutil -hashfile kwenye Windows, ukitaja jina la faili kisha SHA256, na baada ya kupokea tumia sha256sum kwenye Linux. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usipakie. Kama ulitumia FTP, njia ya kutuma faili kati ya kompyuta, angalia kwanza kama ilikuwa katika hali ya maandishi, maana hali hiyo hugeuza alama za mistari faili likiwa safarini. Ihamishie kwenye hali ya baiti ghafi (binary), utume upya.