Je, wajua Manowari na Bomba Tatu, meli ya vita ya Kijerumani, ilipigwaje na watu wasioiona?

Pale Fort Jesus, Mombasa, kuna mizinga miwili ya zamani iliyowekwa iwe ukumbusho. Mmoja ulitoka kwenye meli ya Kiingereza, Pegasus. Wa pili ulitoka kwenye meli ya Kijerumani iliyoizamisha hiyo Pegasus, nayo ni Königsberg. Mizinga ni chuma, hudumu. Waliokuwa wakiiambia mizinga ya Waingereza ipige wapi hawakuacha kitu kizito cha kujengewa jukwaa. Walikuwa wapelelezi wa angani, wakiruka kutoka Mafia mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa ndege za mbao na kitambaa, na bila wao Königsberg isingepigika.

Tuanze na meli yenyewe. Watu wa Dar es Salaam walipoiona mwaka 1914 waliipa jina mara moja: Manowari na Bomba Tatu, kwa yale mabomba yake matatu ya moshi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliingia Zanzibar, ikaikuta Pegasus imetia nanga, mitambo inatengenezwa, ikaimiminia makombora mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako Chapwani, kile kisiwa kidogo mbele ya mji. Kisha Königsberg ikatoweka. Mitambo yake nayo ilikuwa mibovu na makaa ya mawe yalikuwa ya kuokoteza, kwa hiyo nahodha wake, Max Looff, akaiingiza kwenye delta ya Rufiji.

Alichagua vizuri. Rufiji ikikaribia bahari hugawanyika mikondo mingi, na kila mkondo umezungukwa na mikoko iliyoshonana. Mabaharia wakafunga matawi milingotini, na kwa mtu aliye baharini meli ikawa sehemu ya msitu. Kufikia mwisho wa Oktoba Waingereza walikuwa wameshajua kuwa imo humo, ila manowari zao kubwa zilihitaji maji ya kina zaidi na zisingeweza kuifuata. Mwezi Novemba wakazamisha meli ya makaa, Newbridge, wazibe mkondo mmoja. Ikawa kama mwizi aliyekimbilia shambani: yumo, wote wanajua yumo, lakini yuko nyuma ya mti gani?

Hapo ndipo ndege zilipoitwa. Rubani wa kwanza hakuwa hata mwanajeshi. Alikuwa raia, Dennis Cutler, aliyekodiwa Durban pamoja na ndege yake aina ya Curtiss, ile inayotua majini, akapelekwa kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Safari ya kwanza aliruka bila dira, akapotea, akatua kwenye kisiwa kisicho na watu mpaka wenzake walipomkuta. Rejeta ya ndege ikaharibika, na spea haikuwepo popote karibu. Ikatafutwa rejeta ya gari la Ford huko Mombasa, ikaletwa kwa meli, ikafungwa kwenye ndege, na ndege ikaruka. Fundi yeyote wa gereji za kwetu atamwelewa aliyebuni hilo. Cutler aliiona Königsberg kweli, lakini Desemba injini ilimzimikia, akashuka mtoni na kutekwa.

Zikaja ndege mbili za Sopwith, Februari 1915. Hizi zilishindwa na hali ya hewa kabla ya kushindwa na adui. Hewa ya joto ni nyepesi, bawa halipati cha kukanyagia, kwa hiyo ndege inayopaa vizuri kwenye baridi ya Ulaya inakokota tumbo juu ya maji ya Rufiji. Gundi iliyoshika mbao ililegea, propela zikapasuka. Zilizofuata, za kampuni ya Short, zilikuwa afadhali kidogo. Tarehe 25 Aprili rubani John Cull alipita na mojawapo, chini sana, akarudi na picha za meli. Alirudi pia na matundu ya risasi.

Mwishowe Waingereza wakaachana na kuruka kutoka majini. Mafia walikuwa wameiteka Januari, hivyo wakasafisha uwanja hapo kisiwani, na mwezi Juni zikaletwa ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron. Pamoja nazo zikavutwa kutoka Malta meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, bapa kama sinia, zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Hizi zingeweza kupita pale ambapo manowari nyingine zingekwama.

Sasa tufike kwenye swali letu. Severn na Mersey ziliingia mtoni, lakini zilitia nanga kilomita kama 10 kutoka Königsberg, katikati pori tupu la mikoko. Wapiga mizinga hawakuona hata ncha ya mlingoti. Ni sawa na kurusha jiwe juu ya ukuta ili kuangusha embe usiloliona, huku mwenzio akiwa juu ya paa anakuambia: umepitiliza, rudisha kidogo, sogea kushoto. Mwenzio wa juu ya paa ndiye mpelelezi ndani ya ndege, na sauti yake ni simu ya upepo, herufi za Morse, yaani milio mifupi na mirefu, anazogonga kwa kidole huku upepo ukimpiga usoni.

Tarehe 6 Julai walijaribu, wakashindwa. Meli zote mbili zilifyatua kwa pamoja, na aliye angani aliona makombora yakianguka asijue lipi ni la nani. Rudi kwenye mfano wetu: watu wawili wanarusha mawe kwa mpigo mmoja, wewe juu ya paa utamwambia nani asogee kushoto? Zaidi ya makombora 600 yalitumika siku hiyo, yaliyoipata meli yakawa ya kuhesabika. Wajerumani nao walikuwa na macho yao, watazamaji waliofichwa ufukweni na juu ya miti, na Mersey ilipigwa, watu wakafa.

Siku tano baadaye, tarehe 11 Julai, walibadilisha jambo moja tu: ifyatue meli moja kwa wakati. Severn ikaanza. Angani alikuwepo Cull, na pamoja naye kijana wa Kikanada, Harwood Arnold, akigonga Morse. Kombora baada ya kombora likasogezwa, na baada ya dakika chache yakaanza kutua juu ya meli yenyewe. Ndipo ndege ikapigwa, injini ikafa. Arnold akatuma habari kuwa wamepigwa na waletewe mashua, halafu wakati ndege inashuka taratibu kuelekea mtoni akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Ndege ilipogusa maji ilipinduka. Arnold alirushwa nje. Cull alibaki chini ya maji, mkanda umemfunga kitini, akahangaika nao mpaka akajinasua. Mashua ya Mersey ikawaokota wote wawili, na baadaye kila mmoja alipewa DSO, nishani ya kijeshi ya Uingereza.

Mchana huo Looff, naye akiwa amejeruhiwa, aliamuru meli yake ilipuliwe kwa kichwa cha torpedo. Ilikaa topeni, sitaha karibu sawa na maji, kwa hiyo mabaharia wake waliweza kurudi na kuing'oa mizinga yote 10, ikavutwa nchi kavu kwenda kupigana pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Mmoja wa hiyo 10 ndio ule wa Fort Jesus.