Chini ya Jukwaa: Tunayoyadhani Kuhusu Shimo la Okestra

Mdogo wangu anapiga besi, ile kubwa ya kusimama nayo, na kwa miaka kadhaa sasa riziki yake inatoka kwenye kumbi za tamthilia za muziki za West End, London. Usiku mmoja alinipatia ruhusa ya kuketi kando yake ndani ya shimo la okestra, pale chini ya jukwaa wanapokaa wapiga muziki, onyesho zima, kwenye kiti cha kukunja kilichobanwa kati ya besi na ukuta. Masharti yalikuwa matatu: nivae nyeusi tupu, simu niiache nje, na kikohozi kikinishika ningoje ngoma zilie ndipo nikohoe.

Tangu niisimulie habari hiyo nyumbani Mombasa nimeulizwa maswali mengi, na ndani yake nimeona makosa yaleyale yakijirudia. Siwalaumu wanaouliza. Sisi tumelelewa na taarabu, ambako mpiga fidla na mpiga kanuni huketi jukwaani mbele ya macho ya watu, na anayekunwa na wimbo huinuka akaenda kutunza. Watu kumi au ishirini kuwekwa chini ya sakafu, na hao hao ndio wawe wanaoliendesha onyesho, ni jambo linalotaka maelezo.

Dhana: Wapigaji wanatazama onyesho bure kila siku

Hawalioni. Shimo liko mbele ya jukwaa, lakini sehemu yake kubwa imeingia chini ya mbao wanazokanyaga waigizaji. Pale nilipoketi, ningenyoosha mkono ningegusa dari, na dari hiyo ndiyo jukwaa lenyewe. Nilichokiona kwa saa mbili na nusu ni mgongo wa mpiga chelo, taa ndogo zilizobanwa kwenye stendi za noti, nyaya zilizogandishwa sakafuni kwa utepe, na mkono wa kushoto wa ndugu yangu ukipanda na kushuka kwenye shingo ya besi. Onyesho nililifuata kwa miguu. Wacheza dansi walipoingia kwa pamoja, vumbi jembamba lilishuka kwenye mwanga wa taa. Kuna wakati mtu mwenye viatu vya kisigino alivuka polepole kutoka kulia kwenda kushoto, akasimama juu yetu kabisa, na ukumbi mzima ukanyamaza. Mpaka leo sijui alikuwa nani wala alifanya nini.

Juu ya sehemu iliyo wazi kumetandwa wavu, kwa sababu vitu huanguka. Katika sehemu ya pili kofia iliteleza kutoka jukwaani ikatua kwenye wavu, kama nusu mita juu ya kichwa cha mpiga fidla mmoja. Hakuinua macho. Alikuwa kwenye mistari ya mbio, upinde ukienda kama cherehani.

Mdogo wangu aliwahi kupiga onyesho moja kwa miezi, mara nane kwa wiki, kabla hajanunua tiketi na kuketi ukumbini kama mtu mwingine yeyote. Kulikuwa na kicheko alichokisikia kila siku baada ya wimbo wa pili, na kilimshangaza kwa sababu wimbo wenyewe ni wa majonzi. Siku hiyo ndipo alipomwona mbwa, mbwa wa kweli, akikatiza jukwaani.

Kuwaficha wapigaji chini hakukuanza na tamaa ya kubana nafasi. Mtunzi wa opera Richard Wagner alipofungua ukumbi wake wa Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, shimo alilishusha kwa ngazi hadi chini ya jukwaa na akalifunika, ili mwanga wa stendi na mikono inayopungapunga isimtoe mtazamaji katika hadithi. Kumbi za biashara za London na New York ziliongeza sababu yao: kila mita ya shimo inayosogezwa chini ya jukwaa inaacha mahali pa safu ya viti vya kuuza.

Dhana: Siku hizi ni muziki wa kurekodi, wapigaji ni pambo tu

Hapa pana chembe ya ukweli, na ni afadhali tuiseme. Katika maonyesho mengi wapigaji huvaa hedifoni, na ndani yake unasikika mlio wa metronomu unaowafunga wote kwenye mwendo mmoja. Pengine huchanganywa sauti zilizorekodiwa ambazo watu waliomo wasingeweza kuzitoa peke yao. Na idadi yao inapungua. The Phantom of the Opera, lililoanza London mwaka 1986, lilikuwa na wapigaji 27. Lilipofunguliwa tena mwaka 2021 baada ya UVIKO-19, walibaki 14. Kule New York onyesho hilohilo liliendelea na 27 mpaka pazia la mwisho, tarehe 16 Aprili 2023.

Jambo hilo linaniuma, nami silifichi. Fidla nne si fidla moja iliyoongezwa nguvu kwa spika. Kila mkono una mtikisiko wake, na ni tofauti hizo ndogondogo zinazoifanya sauti iwe pana. Sina ugomvi na okestra ndogo iliyokusudiwa kuwa ndogo: onyesho la Hamilton lilifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, mwaka 2015 na wapigaji 10, muziki ukiwa umepangwa kwa ajili ya hao kumi. Ninachokikataa ni kuuchukua muziki ulioandikiwa watu 27, ukaupiga kwa nusu yao, kisha ukategemea kwamba hakuna atakayesikia.

Wanamuziki wa New York walilipigania hili waziwazi. Machi 2003 waligoma kwa siku nne, wakiwa chini ya chama chao, Local 802. Wazalishaji walitaka kuondoa idadi ya chini ya wapigaji ambayo kumbi zililazimika kuwaajiri, na walikwisha kuandaa okestra za kompyuta ili maonyesho yaendelee wakigoma. Waigizaji na mafundi wa jukwaani wakakataa kuwapita wagomaji mlangoni. Tamthilia 18 za muziki zikasimama. Makubaliano yaliyofikiwa yalishusha idadi ya chini katika kumbi kubwa hadi 18 au 19. Haukuwa ushindi kamili, ila mashine hazikuingia kuchukua mahali pao.

Jambo moja mashine haiwezi, na nililiona kwa karibu. Mara nyingi mwigizaji huzungumza huku muziki ukiendelea chini yake. Urefu wa maneno hayo haujulikani: leo atatua kidogo, kesho watu watacheka. Kwa hiyo huandikwa kipande kifupi, pengine cha mapigo manane, kinachozungushwa tena na tena mpaka kiongozi wa okestra aonyeshe njia ya kutoka. Usiku ule ukumbi ulicheka kupita kawaida. Nilikihesabu kile kipande: mara moja, mbili, tatu, nne. Mdogo wangu hakuwa akitazama noti hata kidogo, macho yake yote yalikuwa kwenye skrini inayomwonyesha kiongozi. Katika mzunguko wa tano kiongozi akakunja ngumi kifuani, akaifungua, na watu kumi na wanne wakaingia kwenye wimbo kama mlango mmoja uliofunguliwa.

Dhana: Kiongozi wa okestra kazi yake ni kupunga mikono

Kwetu huyu hatumjui sana, taarabu haihitaji mtu wa kusimama na kijiti, ndiyo maana naelewa dhana hii inakotoka. Mbele ya uso wa kiongozi kuna kamera ndogo. Picha yake hupelekwa kwenye skrini zilizofichwa: nyingine shimoni kwa wale wasioweza kumwona, nyingine mbele ya roshani ya ukumbi, ili mwimbaji anayeonekana kuwatazama watazamaji awe kwa kweli anamtazama yeye. Wakati mwingine mpiga dramu yuko ndani ya kibanda cha kioo au hata chumba kingine cha jengo, na anamjua kiongozi kwa picha tu.

Kiongozi wa usiku ule alikuwa pia akipiga kinanda. Mikono yake miwili ikiwa kazini, aliongoza kwa kidevu na nyusi. Midomo yake ilitamka kila neno la kila wimbo bila sauti, na kabla ya kila ubeti alivuta pumzi pamoja na mwimbaji aliyekuwa juu yake, pumzi ileile, kwa wakati uleule. Alikuwa na kitufe cha kuzungumza kwenye hedifoni za wapigaji, akakitumia mara moja tu. Mwimbaji aliruka ubeti mzima. Kiongozi akataja namba ya mahali pa kurukia kwenye noti, kwa utulivu kama mtu anayetaja bei ya nyanya, na kurasa zikafunuliwa kwa pamoja. Baadaye sikumsikia mtazamaji hata mmoja akilizungumzia.

Dhana: Kila mtu na chombo chake

Wapiga ala za kupuliza wangecheka. Mtu mmoja huwa na filimbi, klarineti, saksafoni na pengine obo, zote zimesimamishwa kuzunguka miguu yake, na mara nyingine ana mapigo machache tu ya kuweka moja na kunyanyua nyingine. Mikataba humpa nyongeza kwa vyombo vya ziada. Katika The Lion King, mpiga filimbi mmoja ana filimbi zaidi ya kumi za asili mbalimbali, na wapiga ngoma wawili wa Broadway hawakutoshea shimoni, wakawekwa kwenye vibanda vya pembeni ya ukumbi ambako watu wanawaona.

Na kwa kuwa tumelitaja: ule mwito unaofungua onyesho hilo si Kiswahili, ingawa akina Simba na Rafiki majina yao ni yetu. Ni Kizulu, kazi ya Lebo M, mzaliwa wa Soweto. Nimewasikia hata Waswahili wakibisha.

Dhana: Mtunzi wa nyimbo ndiye aliyeandika kila noti inayopigwa

Mara nyingi sivyo. Mtunzi hutoa wimbo na mwelekeo wake, kisha mtu mwingine huamua nani apige nini. Robert Russell Bennett alifanya kazi hiyo kwa tamthilia ya muziki ya Oklahoma! ya mwaka 1943 na nyingine nyingi zinazopendwa hadi leo. Tuzo za Tony, zinazotolewa kwa tamthilia za Broadway, zilianza mwaka 1947, lakini kazi hii ilipata tuzo yake ya kudumu mwaka 1997. Nusu karne!

Dhana: Aliye shimoni anasikia muziki mtamu kuliko wote

Nami nilidhani hivyo. Nilichosikia ni besi, besi, kisha tromboni. Fidla zilikuwa upande wa pili na zilinifikia kama redio ya jirani. Waimbaji, ambao sauti zao zinakwenda kwenye spika za ukumbini, nilikuwa nikiwasikia kwa nyuma, kama watu walio chumba cha pili. Ndiyo maana kila mpigaji ana kijisanduku chenye vitufe pembeni ya stendi: anajichanganyia mwenyewe kwenye hedifoni kiasi cha mwimbaji, kiasi cha kinanda, kiasi cha ngoma.

Na kuna kelele. Nchini Uingereza kanuni za kelele kazini za mwaka 2005, zilizoanza kuwahusu wanamuziki mwaka 2008, zinamtaka mwajiri kuchukua hatua wastani wa siku ukifika desibeli 80, na hatua kali zaidi ukifika 85. Kwa hiyo utaona ngao za plastiki angavu nyuma ya vichwa vya watu na vizibo masikioni. Hii si mapambo. Mwaka 2012 mpiga viola (fidla iliyo kubwa kidogo) wa Royal Opera House, London, aliumia masikio wakati wa mazoezi ya opera ya Wagner, ala za shaba zikiwa zimepangwa nyuma yake tu. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2018, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo mwaka uliofuata. Mdogo wangu ana miaka thelathini na mbili na kila mwaka anapimwa masikio. Mama hilo halijui, nami sijaona vyema kumwambia.

Dhana: Akiugua mmoja, onyesho linaharibika

Kila mwenye kiti ana orodha ya makaimu. Mdogo wangu mwenyewe aliingilia mlango huo. Kaimu kwanza huketi shimoni kando ya mwenye kiti, kwenye kiti cha kukunja kama kile changu, nakala ya noti mapajani, akisikiliza na kuandika. Kisha hujifunza nyumbani kwa rekodi. Kisha siku inafika, anaketi, na hakuna mazoezi: mara yake ya kwanza kupiga na wenzake ni mbele ya ukumbi uliojaa. Ananiambia usiku wake wa kwanza hakuhisi vidole mpaka mapumziko.

Kinachomwokoa kaimu ni penseli. Kitabu cha noti nilichokichungulia kilikuwa kimejaa maandishi ya watu watano au sita: mishale, “polepole”, “usimfuate, atakungoja”, na pale penye hatari, picha ya miwani. Miwani maana yake inua macho, mtazame kiongozi.

Onyesho likaisha, watu juu wakapiga makofi, wakaanza kuondoka. Shimoni hakuna aliyesimama. Muziki wa kutokea ulikuwa bado, na waliupiga wote kwa nguvu zilezile huku viti vikigongana na milango ikifunguliwa. Mtoto mmoja aliegemea ukingoni akatutazama mpaka noti ya mwisho, mama yake akimvuta mkono. Ndugu yangu akalegeza upinde, akafuta unga wa ulimbo kwenye nyuzi. Alhamisi kaimu angeketi pale. Akarudi kwenye ukurasa ambao mwimbaji aliuruka, akatafuta penseli, akachora miwani.