Jivu kwenye lipu: yanayosemwa saiti na yanayotokea ukutani

"Ongeza saruji, lipu haitapasuka." Hii ndiyo naisikia zaidi saiti za Buswelu na Nyegezi hapa Mwanza, na ndiyo inayoharibu kuta nyingi. Kinachosinyaa ni uji wa saruji na maji. Mchanga wenyewe hausinyai, kazi yake ni kuuzuia huo uji. Ukitoka ndoo moja ya saruji kwa tano za mchanga ukaenda moja kwa tatu, umeongeza kinachosinyaa na kupunguza kinachokizuia. Ndiyo maana baadhi ya saruji hupunguzwa, pengo likazibwa kwa jivu au unga wa mawe.

Wengine huita huko kuchakachua. Soma mfuko: ukiona CEM II, kiwandani kulishawekwa madini mengine, pengine hadi asilimia 35. Kwa hiyo anayebadilisha tena sehemu ya saruji hiyo kwa jivu anaipunguza mara ya pili, asikisie.

Halafu kuna "jivu ni jivu tu". Hapana. La kuni za jikoni liache. La pumba za mpunga lina silika nyingi (madini kama yaliyomo kwenye mchanga), ila liwe limeungua kwa joto la wastani, nyuzi 500 hadi 700 hivi, kisha lisagwe. Niliwahi kuchota la kwenye tanuri la tofali: jeusi, likikwaruza vidoleni. Kwenye karai lilikunywa maji kama sifongo; fundi akaongeza kopo, akaongeza jingine, mpaka lipu ikalainika. Maji yale yakikauka ukutani, ufa hauko mbali. Weusi ule ni kaboni isiyoungua. Jivu laini la makaa ya mawe lina tabia tofauti: chembe zake nyingi ni za mviringo, zinateleza, maji yanapungua.

Vumbi la kokoto za matale yetu (mawe magumu ya graniti) nalo linafaa kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga, si wote. Likizidi unga, nalo linadai maji.

Kubwa zaidi ni hili: "Ukiweka jivu, kumwagilia si lazima." Ni kinyume kabisa. Jivu hushikana polepole na chokaa inayotolewa na saruji, na bila unyevu kazi hiyo inakatika njiani. Siku 7 za kumwagilia ni za lipu ya saruji tupu. Yenye jivu ipe zaidi. Na ukuta unaotazama ziwa, ambako upepo wa mchana hupiga moja kwa moja, mimi huutundikia magunia yaliyoloweshwa mara tu lipu inapokaza, kabla hata sijaosha mwiko.