Je, wajua kwa nini mgomo wa wanawake wa Hillington ulimalizwa na orodha ya mashine?

Kiwanda cha Rolls-Royce cha Hillington, karibu na Glasgow, Uskoti, kilitengeneza Merlin, injini ya silinda 12 iliyorusha ndege za kivita za Spitfire. Wanaume walipokwenda kwenye Vita vya Pili vya Dunia, wanawake walishika mashine zao: walikereza vyuma, wakatoboa, wakaendesha winchi. Ujira wa mwanamume haukuwafuata.

Kwenye karatasi, haki ilikuwepo. Mapatano ya Mei 1940 kati ya waajiri na vyama vya wafanyakazi yalisema mwanamke anayechukua kazi ya mwanamume aanze kwa ujira wa kike kwa wiki 8, kisha upandishwe hatua kwa hatua, na baada ya wiki 32 alipwe sawa. Sharti ni kwamba aifanye kazi hiyo bila usimamizi wala msaada wa ziada.

Sharti hilo ndilo lililowaumiza. Fundi akija kuseti mashine au kunyanyua chuma kizito, huo ulihesabiwa msaada wa ziada. Kazi ikigawanywa vipande vidogo, au mashine ikirekebishwa kidogo, mwajiri angeweza kudai kwamba si kazi ya mwanamume tena. Mwanamke alibaki na ujira wa chini hata kama injini zilitoka vilevile.

Mwaka 1943 chama cha mafundi mitambo, AEU, kilianza kupokea wanawake, na serikali ikaunda baraza la uchunguzi kuhusu Hillington. Mapatano yaliyofuata yaliwaacha wanawake wengi kwenye daraja la chini. Mwishoni mwa Oktoba walitoka kazini, Agnes McLean, dereva wa winchi, akiwa miongoni mwa viongozi wao, na wanaume wengi wakawaunga mkono. Mgomo huo ulihitaji ujasiri mkubwa: Amri 1305, amri ya serikali ya wakati wa vita ya mwaka 1940, ilifanya mgomo wa namna hiyo kuwa kosa.

Suluhu ikawa kuziorodhesha mashine za kiwanda pamoja na kazi zake, kila moja na ujira wake, awe anayeiendesha ni mwanamume au mwanamke. Msimamizi hakuwa tena na nafasi ya kubishania "msaada wa ziada": ukipewa mashine hii, ujira wake ni huu.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja, nao si mdogo. Orodha haikusema nani apewe mashine ipi, na mashine za ujira mdogo ndizo walizopangiwa wanawake wengi. Sheria ya Uingereza ya malipo sawa ilipitishwa mwaka 1970, ikaanza kutumika Desemba 1975.